Mama Mariamu wa Mkunya

Harufu ya mabibo yaliyoiva kupita kiasi ndiyo inayonirudisha Mkunya kila ninapoisikia. Ni utamu uliochanganyika na ukali, wa matunda mekundu na ya njano yaliyolala chini ya mikorosho tangu juzi, yakaanza kuchacha kwenye jua huku nyuki wakiyazunguka na mbuzi wakiyatafuna mpaka miguu ikawalegea. Mwezi wa kumi ukifika, harufu hiyo haikubaki shambani. Iliingia kwenye nywele, kwenye kanga za mama, hata kwenye ugali wa muhogo. Maji ya bibo yalituachia madoa ya kahawia ambayo sabuni haikuyaweza, na mwalimu wetu alikuwa akisema hahitaji kuuliza nani alikuwa shamba na nani alikuwa amelala nyumbani, kwa sababu mashati yetu yalijieleza yenyewe.

Msimu ninaoukumbuka kuliko yote nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Ilikuwa miaka ile ambayo watu wazima waliiita ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka ya Newala, ambayo nikiwa mdogo zaidi yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, sasa yalijaa sabuni za rangi, mafuta ya nywele na redio. Malori ya wanunuzi binafsi yalianza kupanda huku kwetu juu ya uwanda kutafuta korosho, wakati zamani tulikijua chama cha msingi cha ushirika peke yake, na baba akawa anasimama kando ya barabara kumsikiliza kila dereva kama mtu anayesikiliza habari za msibani. Mitumba nayo ilifika. Mama alichomoa kwenye rundo moja magauni mawili yaliyofanana, ya bluu yenye kola nyeupe, labda sare ya shule fulani huko Ulaya, akatupa mimi na Atija. Tuliyavaa pamoja, tukayafua pamoja, na wapita njia wasiotujua walidhani sisi ni mapacha.

Hatukuwa mapacha, wala hatukuzaliwa tumbo moja. Atija alitoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mama yangu alikuwa amekwenda bondeni kwa shangazi kuchukua mpunga, akarudi mzigo kichwani na mtoto mkononi. Mtoto yule alikuwa amevushwa mtoni kwa mtumbwi na majirani. Mama yake alifariki kwa homa njiani, na majirani wenyewe hawakuwa na pa kulaza vichwa vyao. Baba aliuliza swali moja tu, kama mtoto ameshakula. Tangu siku ile tulilala mkeka mmoja. Kwa miaka minne alinifundisha nyimbo za kwao na mimi nikamfundisha kusoma, na Kimakonde chake kilichotofautiana kidogo na chetu kikanigeuza ulimi, hata bibi akawa analalamika kwamba hajui tena nani mjukuu na nani mgeni. Wahenga walisema udugu ni kufaana, si kufanana. Sisi tulipata vyote viwili.

Jirani yetu karibu na zahanati ya misheni alikuwa mwanamke wa Kiholanzi, mzee, mrefu, mwenye mgongo ulioanza kupinda. Alikuja Newala akiwa muuguzi, akazalisha nusu ya watu wa kijiji, akastaafu, asirudi kwao. Kiswahili alijifunza kwa wakunga wetu, kwa hiyo alikisema kwa lafudhi ya Kimakonde. Alipofika mara ya kwanza, wanawake walimuuliza wamwite mama nani, maana kwetu mtu mzima haitwi jina lake kavu. Inasemekana alijibu, "Niiteni Mama Miriamu." Ndimi zetu zikalifanya Mariamu. Watu wakaelewa kwamba ana binti Ulaya, na kwa kuwa binti huyo hakuonekana hata siku moja, wakaelewa pia kwamba si jambo la kuuliza.

Tulimpenda kwa sababu ya maji. Huku juu mvua hunyesha lakini ardhi hainyweshi watu; mama zetu waliteremka ukingo mzima hadi chemchemi ya bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, mwendo wa asubuhi nzima. Mama Mariamu alikuwa na tangi la saruji lililokinga maji ya bati lake, na kiangazi kilipokaza aliwafungulia wajawazito na vikongwe. Sisi watoto alitupa kikombe kimoja kimoja, tukiwa tumesimama kwa foleni, na ukijaribu kurudi mara ya pili alikujua kwa jina lako na la mama yako. Bibi yangu, aliyekuwa bado na ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, hakuwahi kumwita Mzungu. Alimwita mwenzangu.

Mwaka mmoja kabla ya msimu ninaousimulia, wageni walikuja kutoka Ulaya kumletea nishani. Kijiji kizima kilikusanyika zahanati, na mwalimu mkuu akatafsiri. Tukasikia kwamba wakati wa vita vya Hitla, vile ambavyo babu yangu alipelekwa Burma kupigana, serikali ya Wajerumani iliamua kuwaua Wayahudi wote, wazee kwa watoto, bila kosa lolote, kwa kuwa tu walizaliwa Wayahudi. Waliwasaka nyumba kwa nyumba, wakawajaza kwenye treni na kuwapeleka kwenye kambi za kuwaua. Waliuawa mamilioni. Na huyu mama anayetugawia maji, akiwa msichana, aliwaficha baadhi yao. Mgeni mmoja alimuuliza aliokoa wangapi. Akajibu kwa Kiswahili, kana kwamba anatujibu sisi, "Sikuwahesabu. Waliokuwa wanahesabu ni wale waliokuwa wanawatafuta." Nishani ile aliiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sufuria, na siku iliyofuata akafungua tangi kama kawaida.

Msimu ninaousimulia ulipofika, habari zilikuwa zimeenea kwamba ng'ambo kuna amani. Wakimbizi walianza kurejea, makundi kwa makundi, wakishuka kuelekea mtoni na mikeka yao. Nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele ya Atija. Lakini kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Nilimsikia mama akimwambia baba jikoni, "Mjomba wake akitokea, mimi nitasema nini?" Baba aliendelea kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Mjomba alitokea. Ilikuwa asubuhi, wazazi wangu wako shamba, Atija amekwenda chemchemi na wenzake, nami nimeachwa nyumbani kugeuza korosho zilizoanikwa juani. Mwanamume mwembamba alisimama uani akabisha hodi, viatu ameshika mkononi. Nilimwamkia. Aliitikia kwa sauti ya upole, na mara niliposikia kile Kimakonde cha ng'ambo, nikajua amemfuata nani.

"Mwanangu," alisema, "nimeelekezwa kwamba nyumba hii ina mtoto wa marehemu dada yangu. Anaitwa Atija."

"Hayupo," nikasema.

"Amekwenda wapi?"

"Alichukuliwa na watu wengine. Zamani. Walimpeleka Masasi."

Alinitazama, akaitazama nyumba, akautazama uwanja. Kisha akasema ahsante. Alinishukuru vizuri kabisa, kama mtu aliyepewa alichokifuata, akageuka na kushika njia ya Newala mjini ili apate gari la kwenda Masasi. Nilimwangalia mgongo mpaka akapotea kwenye mikorosho. Nilidhani nitafurahi. Badala yake niliogopa, kwa sababu nilijua atafika Masasi, atauliza, na atarudi. Nikaziacha korosho zikiliwa na kuku, nikakimbia kwa Mama Mariamu. Akilini mwangu hesabu ilikuwa rahisi: huyu ni mtu anayejua kuficha watu, na mimi nina mtu wa kufichwa.

Nilimkuta barazani anachambua mbaazi kwenye ungo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Somoe. Mbona unahema?"

"Nataka umfiche Atija."

Aliacha kuchambua. "Anatafutwa na nani?"

"Na mjomba wake. Lakini nimemwambia hayupo."

Hakunikemea. Alinisogezea kigoda, akauweka ungo chini. Halafu akaanza kunisimulia jambo ambalo hata siku ya nishani halikutajwa.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, akiishi na baba yake mjane, muuza mkaa. Walianza kwa kumficha fundi cherehani na mkewe chini ya sakafu ya jikoni, mahali palipokuwa pa kuhifadhia viazi. Baada yao walikuja wengine, wakakaa siku, au wiki, kisha yeye akawahamisha mmoja mmoja kwa baiskeli hadi mashamba ya mbali, amevaa kama mtu anayekwenda kununua siagi. Ukikamatwa, adhabu ilikuwa kifo au kambi. Siku moja askari waliingia kupekua, na fundi cherehani aliyekuwa chini akashikwa na kikohozi. "Nikaanza kukohoa mimi," alisema. "Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, nikajifunika leso mdomoni, nikawaambia nina kifua kikuu. Walitoka haraka kuliko walivyoingia."

Miriamu aliletwa akiwa na miaka miwili, ndani ya kikapu cha nguo. Wazazi wake walikuwa wameshapelekwa. Mtoto mdogo hafichiki chini ya sakafu, atalia, atacheka. Kwa hiyo yule msichana alifanya jambo moja tu lililowezekana. Alitangaza kwamba mtoto ni wake, amemzaa kwa siri, bila ndoa, na alikuwa akilelewa mbali. "Unajua kwenu hapa watu wangesema nini," aliniambia. "Na kwetu walisema hivyo hivyo." Wanawake waliacha kumsalimia. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye na baba yake tu. Kijana aliyekuwa amemchumbia alimrudishia pete kwa mkono wa dada yake, naye hakuweza kumwambia ukweli, maana siri ya watu wawili ni ya wawili, ya watatu ni ya soko zima. Mtoto akaanza kumwita mama. Akajifunza kupanda ngazi za nyumba ile, akaota magego, akaugua surua akapona. Ilikuwa miaka mitatu. Siku askari waliporudi kupekua na yeye akaanza tena kukohoa, Miriamu naye akakohoa kumwigiza, na hilo ndilo lililowafukuza wale askari mara ya pili.

Kisha vita vikaisha. Kiangazi hicho, mwanamume alibisha hodi mlangoni. Alikuwa amebaki mifupa, nywele zimenyolewa, koti si lake. Alikuwa ametoka kambini, na katika ukoo wao mzima alikuwa amebaki peke yake. Alisema amesikia kwamba nyumba hii ina mtoto wa kaka yake.

Mama Mariamu aliuinua tena ungo, akauweka magotini. Jogoo mmoja alipanda barazani, hakumfukuza.

"Ulisemaje, Bibi?" nikauliza.

"Nilisema hayupo. Nilisema amehamishwa." Aliangalia mikono yake. "Nilikuwa nimewadanganya askari miaka mitatu, Somoe, na kila uongo niliousema nausema tena leo nikiulizwa. Ule mmoja tu ndio ninaoujutia. Aliniambia ahsante, akaenda zake."

Siku mbili hakula. Siku ya tatu alimvalisha mtoto viatu, wakatembea hadi kwenye jengo walipokuwa wanapewa makazi watu waliorudi kutoka kambini, akamtafuta yule mtu kati ya vitanda, akamkabidhi. Miriamu alimng'ang'ania gauni mpaka vifungo vikakatika. Baba mdogo yule hakujua hata jinsi ya kumbeba mtoto. Alimbeba kama mtu anayebeba kioo. Baadaye walihamia nchi ya mbali. Alipokua, Miriamu aliandika barua mara mbili, ya pili kwa lugha ambayo Mama Mariamu alilazimika kutafutiwa mtu wa kumsomea, kwani mtoto alikuwa ameisahau ile waliyokuwa wakiongea.

"Sasa kwa nini ulimrudisha?" nilimuuliza. Nilikuwa nalia, nikimlilia Atija, si Miriamu.

"Kwa sababu nilimficha ili aishi awe mtu wa watu wake. Yule mtu alikuwa anajua mama wa mtoto alikuwa anachekaje. Mimi sikujua."

Akasimama, akajifunga kanga juu ya gauni, akanishika mkono. Lori la korosho lilikuwa linapita kuelekea Newala, na dereva, kijana aliyezaliwa mikononi mwake, alitupakia mbele bila kuuliza. Tulimkuta yule mjomba amekaa chini nje ya hoteli ya chai, karibu na mahali magari ya Masasi yanapopakia. Gari moja lilikuwa limeshaondoka, nalo lilikuwa na nafasi. Mama Mariamu alinisukuma mbele kidogo, maana hakukusudia kunisemea.

"Nilikudanganya, Mjomba," nikasema. "Atija yupo. Amekwenda chemchemi."

"Nilijua," alisema. "Kwenye kamba yenu ya kuanikia kulikuwa na magauni mawili yanayofanana."

Mama Mariamu akamuuliza kwa nini basi aliondoka. Akajibu, "Mtoto ambaye mwenzake anaweza kusema uongo kwa ajili yake, huyo ana watu. Nikaona nikae kwanza, nijiulize kama nina haki ya kumchukua."

Mama Mariamu aliketi chini pale pale vumbini, kando yake, na sikuwahi kumwona akiketi chini mbele ya watu kabla ya siku ile. Aliagiza chai, wakanywa pamoja. Sijui alimwambia nini, kwa sababu nilitumwa kununua maandazi, lakini niliporudi yule mtu alikuwa anafuta macho kwa kiganja na Mama Mariamu alikuwa anacheka kicheko chembamba.

Atija alinikasirikia siku tatu nzima. "Wewe ndiye uliyemleta," aliniambia, akahamishia mkeka wake kwa bibi. Wazazi wangu walimpokea mjomba kama inavyopasa, wakamchinjia kuku, wakamwomba abaki mpaka mavuno yaishe, naye akabaki, akaokota korosho na sisi kama mtu aliyezaliwa shambani mle. Siku ya nne, tukiwa tumekaa kivulini tunatenganisha korosho na mabibo, Atija alimuuliza, bila kumtazama usoni, "Mama yangu alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua kwamba alikuwa amelisahau. Tulilala mkeka mmoja miaka minne na hakuwahi kuniambia.

"Anjelina," mjomba akasema. "Alikuwa anapenda kuimba akitwanga. Alikuwa haimbi vizuri." Atija akacheka, kisha akalia, kisha akamwomba amsimulie tena. Jioni ile alirudisha mkeka wake kwangu.

Waliondoka mwezi wa kumi na mbili, mvua za kwanza zilipoanza. Tuliwasindikiza hadi Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde kufunguka mpaka unaona Ruvuma kama uzi na ng'ambo yake buluu tupu. Mama alimfunga Atija kitenge kipya, baba akampa mjomba jembe. Mama Mariamu alikuja pia, kwa fimbo, akasimama nyuma yetu wote. Atija alinikumbatia, akasema atakuja msimu ujao. Walishuka ile njia ya mawe, na kila kona walipotokea walikuwa wadogo zaidi. Bibi na Mama Mariamu walibaki pale ukingoni hata baada ya sisi kuanza kurudi, wameshikana mikono.

Hakuja msimu ule, wala uliofuata. Mama Mariamu alifariki nikiwa sekondari Masasi, akazikwa Mkunya, na wanawake aliowazalisha walibeba udongo wa kaburi lake kwa mikono. Kwenye msalaba liliandikwa jina lake la Kiholanzi, ambalo wengi wetu tulikuwa tunalisoma kwa mara ya kwanza.

Leo mimi ni mwalimu Masasi. Barabara ina lami, maji yanatoka bombani siku nyingi za wiki, korosho zinauzwa kwa mnada, na nyumba yangu ina ukuta, geti na vyumba viwili visivyolala mtu. Miaka ya karibuni vita vilipozuka tena ng'ambo, alasiri moja mwanamke kutoka huko aligonga geti, akiwa na watoto wawili. Aliomba maji na mahali pa kutandika mkeka. Nilimpa maji. Kuhusu mkeka nikamuuliza kama ana barua ya mwenyekiti wa mtaa. Akasema, "Sina, mama," nami nikamwambia aanzie huko kwanza. Nilisema kwa adabu. Nikafunga geti, nikarudi ndani, na sikukaa hata dakika kumi kabla miguu haijanitoa nje.

Niliwakuta nyumba ya tatu, kwa mama muuza vitumbua ambaye yeye na wanawe wanabanana katika chumba kimoja na sebule. Watoto wale walikuwa wameshaketi kwenye sinia moja na wa kwake. "Karibu, Mwalimu," alisema, akidhani nimekuja kuwasalimu. "Tumepata wageni." Sikumwambia kwamba walianzia kwangu, na yule mwanamke naye hakusema. Aliniangalia tu, akanisogezea nafasi kwenye mkeka. Nilikaa. Binti yangu mdogo, aliyenifuata, aliegemea bega langu akiwasikiliza wale watoto wakitaniana na kucheka, akaninong'oneza kuniuliza wanasema nini, maana Kimakonde sikumfundisha. Nikaanza kumtafsiria, neno kwa neno.